Daraja likifungwa kipindi cha baridi na mwenda kwa miguu asimame

Kila baridi ikiingia simu za malalamiko zinaongezeka, eti daraja limefungwa na mafundi hawaonekani, na huku magari yakishapungua watu wanaigeuza ile barabara njia ya matembezi. Kutembea hatukatazi, barabara tulivu yenye theluji inapendeza, ila mwisho wako ni pale kwenye kizuizi.

Wengi wanatuambia mimi nina kilo 80 tu na daraja lilikuwa linabeba malori. Jamani, hatufungi kwa ajili ya uzito peke yake! Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, sasa yakiwa ndani ya nyufa yanalipasua zege kidogo kidogo, halafu chumvi inayomwagwa kuyeyusha barafu inapenya hadi kwenye nondo, nondo zinakula kutu, kutu inavimba na zege linabanduka. Wewe juu unaona theluji imelala vizuri, kumbe chini yake kuna tundu la kuzamisha mguu mpaka gotini na ukingo uliouegemea umeshalegea. Tena daraja linaganda kabla ya barabara kwa sababu upepo unalipiga juu na chini.

Kushuka mtoni uvuke juu ya barafu ndo usijaribu kabisa. Barafu ngumu na safi ya sentimita 10 inabeba mtu, lakini karibu na nguzo maji yanazunguka kwa kasi na barafu inakuwa nyembamba hata kama hatua chache nyuma ilikuwa imara.

Mafundi nao wanasubiri joto, zege linataka kama nyuzi 5 kwenda juu ili lishike sawasawa. Utaratibu wenyewe ni kwamba mkaguzi anaandika ripoti, mhandisi anaipitia, amri ya kufunga inatoka na inabaki na nguvu mpaka ifutwe rasmi, kwa hiyo kusogeza kizuizi au kung'oa alama ni kosa, unaweza kupigwa faini na mtu akiumia kesi inakuwa nzito zaidi, na kukuta kimeshasogezwa na mwingine hakukupi ruhusa ya kupita.

Ukikikuta hivyo usihangaike kukirudisha, piga simu kwa mamlaka ya barabara, taja namba ya barabara na upande uliopo. Wakati wa kurudi tembea upande unaotazamana na magari na uvae kitu kinachong'aa, gari la kuzoa theluji likishaanza kuteleza halisimami haraka.