Riwaya nyingi hufia katikati

Miswada mingi inayonifikia nihariri ina sura tano nzuri, kisha kimya. Nikimuuliza mwandishi, ananiambia mzuka umekata. Nikisoma, naona jambo jingine kabisa: mhusika mkuu hana tena anachokitafuta. Alichokitaka alishakipata sura ya nne, na tangu hapo watu wanaamka, wanakunywa chai, wanapanda daladala, wanakumbuka utoto wao. Nani atakuwa na hamu ya kuandika hayo? Hata kuyasoma ni kazi.

Kwa hiyo kabla hujajiita mvivu, jiulize mhusika wako anataka nini, nani anamzuia, na akikosa atapoteza nini. Wengi hukwama kwenye hilo la tatu. Dawa yake si kulazimisha sura ya sita. Rudi nyuma kurasa ishirini, umnyang'anye kitu.

Jambo la pili ni la kila siku: mahali pa kuachia. Waandishi wengi hupambana mpaka sura iishe ndipo wazime kompyuta, na kesho yake wanakutana na ukurasa mtupu. Mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway alikuwa akiacha pale anapojua bado kitakachofuata. Ni ushauri wa zamani, na sijaona unaoushinda. Tuseme Rehema yuko stendi ya Mbezi, tiketi ya Tabora mkononi, simu inaita, ni kaka yake. Usimruhusu aipokee leo. Chini yake jiandikie: “Kaka keshajua shamba limeuzwa. Basi liondoke kabla hajamaliza kufoka.” Kisha nenda kalale. Kesho utakaa mezani ukiwa tayari unamsikia kaka mtu.

Kuhusu idadi ya maneno, nina ugomvi kidogo na kipimo cha NaNoWriMo. Ile changamoto ya kuandika riwaya ilianza Marekani mwaka 1999, na kipimo chake kikawa maneno 50,000 ndani ya Novemba, yaani kama 1,667 kila siku. Shirika lililoiendesha lilitangaza kufungwa mwaka 2025, lakini kipimo chake bado kinawakosesha watu usingizi. Kimetoka kwenye Kiingereza, lugha inayotawanya vipande ambavyo sisi tunavifungasha ndani ya kitenzi kimoja. Riwaya ya Kiswahili ya maneno 39,000 ni riwaya kamili, mtu wa intaneti asikutishe. Na mtu mwenye ajira na watoto anaifikia kwa maneno 300 kwa siku, siku tano kwa wiki, ndani ya nusu mwaka.

Hapo kuna watakaonitajia marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya aliyeandika riwaya kwenye karatasi za chooni akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti mwaka 1978. Mswada ulichukuliwa kwenye upekuzi, baadaye akarudishiwa. Kisa hiki husimuliwa ili kuwaaibisha wanaolalamika kwamba hawana meza. Mimi nakisoma tofauti. Ngũgĩ alikamatwa baada ya tamthilia ya Kigikuyu iliyochezwa na wanakijiji wa Kamirithu, naye akaamua riwaya hiyo aiandike kwa Kigikuyu hicho hicho. Alikuwa na ubishi wa kuumaliza. Mwandishi mwenye ubishi hasubiri mzuka. (Na pale Kamiti, tukubaliane, hapakuwa na kundi la WhatsApp la ukoo.)

Usiisimulie hadithi yako kijiweni kabla hujaiandika. Ukishapigiwa makofi, mkono hauoni tena sababu ya kuhangaika.

Na usirudi sura ya kwanza kuipamba kila wazo jipya linapokujia. Ukifika sura ya saba ukagundua mama yake Rehema hakupaswa kuugua, fungua daftari, andika “sura ya 2: mama awe mzima, ndiye aliyeuza shamba,” halafu endelea na ya saba kana kwamba mama hajawahi kumeza hata panado.