Kabla ya kumtaja simba, tazama uboho

Mzoga wangu wa kwanza niliuandika vibaya. Ilikuwa mwezi wa tisa, kaskazini mwa Serengeti, upande wa Kogatende. Simba majike wawili walikuwa wamelala pembeni ya nyumbu dume, midomo myekundu, matumbo yamejaa. Nikafungua daftari, kwenye safu ya sababu ya kifo nikaandika: simba. Mzee niliyekuwa naye, askari wa wanyamapori aliyekaa porini miaka mingi kuliko umri wangu, hakusema kitu. Jioni simba walipoondoka tukashuka garini. Akachukua shoka, akapasua mfupa wa paja, akaniita.

"Njoo uone hapa, mwanangu."

Ndani ya mfupa mlikuwa na kitu cha majimaji, cha manjano, kinachopitisha mwanga kama ute wa yai. Alikichota kwa ncha ya kisu, kikateleza.

"Huyu alikuwa anakwisha kabla simba hajamwona. Siku nyingine vunja mfupa kwanza, uandike baadaye."

Tangu siku hiyo shoka halitoki garini mwangu.

Mnyama akikosa lishe hatumii mafuta ya mwilini ovyo. Huanza na yale ya chini ya ngozi na mgongoni, huja yale yanayozunguka figo, na mwisho kabisa ndipo hugusa yaliyo ndani ya mifupa. Uboho ni akiba ya mwisho. Nyumbu ambaye hajaifikia akiba hiyo, uboho wake ni mweupe na umeganda kama mafuta ya nazi asubuhi ya baridi. Ukiupitishia kisu unakatika kipande. Aliyeimaliza, uboho wake ni ule ute niliouona Kogatende. Kuna tahadhari moja ambayo wanafunzi huisahau: uboho mweupe haumaanishi kwamba mnyama alikuwa amenona, maana huenda mafuta ya sehemu nyingine yalishakwisha. Lakini uboho wa majimaji hauna maelezo mengi. Mnyama huyo alikuwa ukingoni.

Kazi yenyewe ni ya kuwahi. Tunafuata tumbusi wanakoshukia, kwa sababu fisi nao wanaujua utamu wa uboho, na ukichelewa hukuti mfupa wa kuvunja.

Kwa njia hii, mwanaikolojia wa Kitanzania Simon Mduma na wenzake walichunguza mizoga na kuiunganisha na hesabu za nyumbu za miaka 40. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1999: karibu robo tatu ya vifo walivyovichunguza vilitokana na lishe duni. Wageni wengi huja Serengeti wakiamini kwamba simba na mamba ndio wanaopunguza nyumbu, na siwalaumu, maana hicho ndicho televisheni inachoonyesha. Chukua mto Mara. Utafiti wa Amanda Subalusky na wenzake uliotoka mwaka 2017 ulikadiria kwamba kwa wastani mizoga 6,250 hubaki mtoni kila mwaka kwa kuzama. Ukiwa umesimama ukingoni, harufu inakuzidi. Lakini gawanya kwa nyumbu zaidi ya milioni moja: ni kama nusu ya asilimia moja. 

Simba na fisi wana shida nyingine. Wana watoto wa kulea na eneo la kulilinda, kwa hiyo hawawezi kuwafuata mwaka mzima nyumbu wanaohama. Msafara ukishapita, wanabaki na swala, pundamilia wachache na njaa. Kwa makundi madogo ya nyumbu wasiohama mambo ni tofauti, huko wawindaji wana uzito mkubwa zaidi.

Njaa haikuwa ndiyo mpaka wa idadi ya nyumbu siku zote. Kabla yake kulikuwa na sotoka. Ugonjwa huu ulifika Afrika Mashariki miaka ya 1890 ukamaliza ng'ombe wa wafugaji, ukaua pia nyati na nyumbu. Baadaye uliendelea kuwaua nyumbu wachanga, kizazi baada ya kizazi. Daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo bora huko Muguga, Kenya, na ng'ombe waliozunguka hifadhi wakachanjwa. Hakuna nyumbu hata mmoja aliyedungwa sindano, ila virusi vilipokosa makao kwa ng'ombe vikatoweka kwa nyumbu pia, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1961 nyumbu walikuwa kama 250,000. Mwaka 1977 walikaribia milioni 1.3.

Tunajuaje kwamba ni sotoka, si mvua nzuri tu? Sehemu ya jibu ninayoipenda kuliko zote ni pundamilia. Hacheui kama ng'ombe, nyati na nyumbu, na sotoka haimshiki. Nyati na nyumbu waliongezeka, pundamilia akabaki palepale, karibu 200,000, ingawa anakula nyasi katika mbuga hiyohiyo. Mvua za kiangazi za miaka ya 1970 zilisaidia kuongeza nyasi, lakini zingekuwa sababu pekee, pundamilia naye angeongezeka.

Baada ya 1977 ongezeko likasimama. Hapo ndipo uboho unapoingia. Kiangazi nyasi zinaweza kujaa macho, ndefu hadi magotini, na nyumbu akafa katikati yake. Nyasi kavu zina protini kidogo sana. Ikishuka chini ya takribani asilimia 6 au 7, vijidudu vya tumboni vinavyosaga nyasi hudhoofika, chakula hukaa tumboni bila kusagika, na mnyama huanza kula mwili wake mwenyewe. Ukame wa mwaka 1993 ulionyesha hivyo kwa ukali: idadi ilishuka chini ya milioni moja.

Ndiyo maana macho yangu yako kaskazini. Tambarare za kusini, zenye majivu ya volkano na madini, ndizo za kuzalia wakati wa mvua, na zina umuhimu wake: kundi la Loita nchini Kenya lilipopoteza malisho yake ya masika kwa mashamba ya ngano, lilishuka kutoka karibu 120,000 mwaka 1977 hadi kama 22,000 mwaka 1997. Lakini nyumbu wa Serengeti huokoka au hufa kaskazini, kiangazi. Huko mto Mara, unaotoka msitu wa Mau, ndio maji ya uhakika pekee kiangazi kikikaza. Nyumbu lazima anywe kila siku au siku ya pili. Mto huo ukikauka, nyasi za kaskazini zitabaki zimesimama bila wa kuzila.