Mto Karanga: maji yake hutoka msituni

Anayevuka daraja la Karanga kutoka Moshi kuelekea Arusha mwezi wa Septemba huona maji machache yakipenya kati ya mawe makubwa. Maji hayo ya kiangazi hayawezi kulisogeza hata jiwe moja kati ya yale. Mawe hayo yaliporomoshwa kutoka mlimani na mafuriko, na yapo pale kutukumbusha nguvu ya mto huu mvua za masika zinapokolea.

Karanga huanzia upande wa kusini wa Kilimanjaro. Wapagazi wa njia ya Machame wanalijua vizuri bonde lake, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, maana hapo ndipo wanapochota maji ya mwisho kabla ya kupanda kambi ya Barafu. Kutoka huko hadi darajani, kwa mstari mnyoofu, ni kilomita 30 hivi tu, lakini mto unashuka zaidi ya mita 3,000. Kwenye mteremko mkali kiasi hicho maji huchimba kwenda chini kuliko kupanuka kando. Ndiyo sababu Kibosho, eneo la vijiji mlimani juu ya Moshi, ina makorongo marefu: majirani wa ng'ambo mbili husalimiana kwa sauti, ila kutembeleana ni safari.

Wengi huamini kwamba mto huu hunyweshwa na barafu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro. Barafu hiyo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na sehemu kubwa ya inayopotea hugeuka mvuke moja kwa moja, bila kuwa maji. Mchango wake mtoni ni mdogo sana. Mlezi wa Karanga ni msitu. Kati ya mita 1,800 na 2,800 hivi, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Moshi mjini haifikii nusu ya hiyo. Juu ya hapo miti hunasa ukungu, na zile ndevu za kijani zinazoning'inia matawini hudondosha maji hata siku isiyo na mvua. Udongo wa volkano uliofunikwa na majani yaliyooza huyanywa, kisha huyaachia polepole kwenye chemchemi kwa miezi. Moto ukiteketeza msitu, mvua ni ile ile, lakini huteremka yote kwa mpigo: Aprili mafuriko, Septemba mawe matupu.

Chini ya msitu, Wachagga wamekuwa wakigawana maji ya mlima kwa mifongo, yaani mifereji ya asili ya umwagiliaji, tangu enzi za mababu. Yanayosalia hupita kando ya mji, huungana na Mto Weruweru, kisha huingia Mto Kikuletwa. Ajabu ya Moshi ni kwamba Mto Rau, ulio upande wa pili wa mji, hushika njia nyingine hadi Mto Ruvu wa Kilimanjaro, si ule wa Pwani. Maji ya pande zote mbili hukutana tena katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960. Hapo umeme huzalishwa, wavuvi huvua, na Mto Pangani huanza safari yake hadi Bahari ya Hindi.

Basi udongo unaomomonyoka Kibosho leo huishia bwawani na kulijaza tope. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Najua kuna vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, vyembamba ambavyo mita 60 huvimeza vyote, na wenye navyo wanahitaji kusikilizwa. Lakini hata huko, mita za mwanzo kutoka ukingoni zisilimwe kabisa. Acheni nyasi zikue, pandeni msesewe na mkuyu, wala msipande mikaratusi, maana hunywa maji mengi. Na anayechimba mchanga ukingoni aripotiwe serikali ya kijiji mapema, kabla mvua za masika hazijalibeba shamba la jirani yake wa chini.