Uhandisi jeni: kutoka chupa ya insulini hadi shamba la muhogo

Shamba la muhogo linaweza kuonekana zima hadi siku ya kuvuna. Majani yana umanjano kidogo pembeni mwa mishipa, mashina yamesimama. Mkulima anapokata kiazi ndipo anapokuta mabaka ya kahawia, makavu na magumu, yametapakaa ndani. Kiazi hicho hakifai kuchemsha, hakifai kusaga unga, na sokoni hakuna anayekigusa.

Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Ulielezwa kitaalamu mwaka 1936 katika kituo cha utafiti cha Amani, mkoani Tanga, na kwa miongo mingi ukadhaniwa ni wa ukanda wa pwani na maeneo ya chini. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda, na baada ya hapo ukaenea Kanda ya Ziwa. Chanzo chake ni virusi vya aina mbili. Vinaenezwa na inzi weupe, na pia na pingili zenye ugonjwa ambazo majirani hugawiana kwa nia njema msimu wa kupanda.

Ni tatizo la aina hii linalowapeleka watafiti kwenye uhandisi jeni. Kila kiumbe hai kina vinasaba, yaani maagizo ya kikemikali yaliyoandikwa kwa herufi nne tu. Jeni ni kipande cha maagizo hayo, na mara nyingi kazi yake ni kuielekeza seli itengeneze protini fulani. Mhandisi jeni hukirekebisha kipande hicho, hukinyamazisha, au hukihamishia kwenye kiumbe kingine. Uhamisho unawezekana kwa sababu karibu viumbe wote husoma maagizo hayo kwa namna ileile: bakteria akipewa jeni ya binadamu, anaifanyia kazi.

Insulini, dawa ya wagonjwa wa kisukari, inaonyesha hili vizuri. Zamani ilikamuliwa kutoka kongosho za nguruwe na ng'ombe waliochinjwa, na baadhi ya wagonjwa walipata mzio. Mwaka 1978 watafiti nchini Marekani waliweka maagizo ya insulini ya binadamu ndani ya bakteria aitwaye Escherichia coli, naye akaitengeneza. Mwaka 1982 dawa hiyo iliruhusiwa kuuzwa huko. Leo sehemu kubwa ya insulini duniani hutoka kwa bakteria au hamira zilizobadilishwa hivyo. Anayejidunga insulini asubuhi kabla ya chai, kuna uwezekano mkubwa anatumia zao la teknolojia hii, na nadhani wengi hawajawahi kuambiwa.

Turudi kwenye muhogo. Watafiti wa Kenya, Uganda na Marekani walichukua vipande vidogo vya jeni za virusi vile viwili na kuviingiza kwenye vinasaba vya muhogo. Mmea hutumia vipande hivyo kuvitambua virusi na kuvikatakata kabla havijazaliana. Kinga hiyo haitegemei protini mpya. Muhogo huo, unaojulikana kwa namba 4046, ulijaribiwa katika mashamba yaliyodhibitiwa, na mwezi Juni 2021 mamlaka ya usalama wa kibayolojia ya Kenya iliidhinisha hatua ya kuutoa nje ya mashamba hayo, kwa sharti la majaribio zaidi kabla ya kumfikia mkulima. Tanzania ilichukua mkondo tofauti: mwezi Januari 2021 serikali ilisitisha majaribio ya mazao ya aina hii.

Watu huniuliza kama GMO, yaani viumbe vilivyobadilishwa vinasaba kwa teknolojia hii, ni salama. Swali hilo ni pana mno. Insulini, muhogo usiougua na pamba inayoua viwavi ni vitu vitatu tofauti, na kila kimoja kinastahili kupimwa peke yake: kimeongezwa nini, kinaleta mzio au sumu, kinaathirije wadudu na mimea jirani, mbegu ni ya nani. Pamba hiyo ina udhaifu unaojulikana. Nchini India funza wa waridi, aina ya viwavi wanaoshambulia pamba, walijenga usugu dhidi yake, na wakulima wakalazimika kurudi kwenye viuatilifu. Muhogo nao una jambo lake zuri: hupandwa kwa pingili, hivyo mkulima anaweza kujizalishia mbegu mwenyewe msimu hadi msimu.

Wakati maamuzi hayo yakiendelea, ugonjwa hausubiri. Chukua pingili kutoka shamba lililokaguliwa, kata viazi vichache uvitazame ndani kabla ya kugawa mbegu, ng'oa mashina yenye dalili mapema, na uliza afisa ugani kuhusu aina zinazovumilia, kama vile Kiroba.