Fiodi za Norwe si maziwa

Ukiona picha ya Nærøyfjord, fiodi moja ya Norwe, maji yametulia kama kioo katikati ya milima mirefu, ni rahisi kusema: ziwa hilo, au mto. Wengi husema hivyo, na mimi hupenda kuwasahihisha, kwa sababu ukweli wake unapendeza zaidi. Hiyo ni bahari: fiodi ni mkono mwembamba wa bahari unaoingia ndani ya nchi kavu. Barafu nzito ya zama za kale ilichimba bonde likashuka chini ya usawa wa bahari, ilipoyeyuka maji ya chumvi yakaingia. Sognefjord, fiodi mama yake, ina urefu wa kilomita 205 na kina cha mita 1,300 hivi, ilhali mdomoni, inapokutana na bahari kuu, kina ni kifupi zaidi.

Kwa kuwa ni bahari, meli kubwa hufika Flåm, kijiji kilicho mbali kabisa na bahari kuu. Inama ufukweni maji yakipwa: mwani wa kahawia umeng'ang'ania mawe, na kome wapo. Sili nao huonekana. Kiangazi maji ya juu hupungua chumvi kwa theluji inayoyeyuka; usidanganywe na ladha hiyo. Ukipita Undredal, kijiji jirani, onja jibini la mbuzi la kahawia.