Usiniite Kumkomesha Mwenye Paki

Juzi usiku niliingiziwa sauti ya dakika nne kwenye WhatsApp. Dada mmoja wa kwetu amenunua nyumba kwenye paki ya trela huku California, na mwenye paki amempandishia kodi ya kiwanja. "Kaka, wewe si mkaguzi wa serikali? Njoo umkomeshe huyu mzee. Akiliona gari lenu tu atashika adabu."

Hii ni mara ya tano tangu mwaka uanze. Nimechoka kurekodi majibu nikiwa kwenye foleni ya magari, kwa hiyo leo naandika. Wa sita nitamtumia kiungo.

Nianze na jambo linalowasumbua Wamarekani wenyewe lakini mtu wa Mombasa halimchukui dakika. Kwetu kuna nyumba bila ardhi. Babu amejenga nyumba yake Majengo, ameirithisha, imegawanywa vyumba, lakini ardhi ni ya mtu mwingine na kila mwezi anapelekewa kodi yake. Paki ya trela ni hivyohivyo. Nyumba ni yako na hati unayo. Ardhi, barabara za ndani, bomba la majitaka, na kile kisanduku cha umeme mpaka pale unapochomeka waya wako, vyote ni vya mwenye paki. Na usidanganyike kwamba nyumba ni ya kuhamishika. Iliburutwa mara moja tu, kutoka kiwandani mpaka hapo ilipokaa. Kuing'oa tena ni maelfu ya dola, na ikiwa kongwe, paki nyingine haitaipokea. Babu na nyumba yake ya udongo ana nafuu, maana yeye hakuwahi kuambiwa kwamba yake ina magurudumu.

Sasa, nani anakagua? Hapa California kazi ni ya jimbo, kupitia Idara ya Makazi na Maendeleo ya Jamii. Mji au kaunti ikitaka inaweza kuichukua kazi hiyo iifanye yenyewe, nami niko kwenye kaunti iliyoichukua. Kanuni ni zilezile, ziko kwenye Kichwa cha 25 cha kanuni za jimbo. Majimbo mengine yana mambo yao, usiniulize ya Texas.

Jinsi nyumba ilivyojengwa ndani, kuta zake na waya zake za kiwandani, hayo ni ya serikali kuu. Tangu tarehe 15 Juni 1976 kila nyumba inayotoka kiwandani hubandikwa kibati chekundu nyuma kuonyesha imefuata kanuni za taifa. Ukikuta kibati, mji hauwezi kuja na masharti yake juu ya jinsi ilivyojengwa. Usipokikuta, ama nyumba ni ya kabla ya hapo, ama kuna fundi alikipiga rangi.

Kwangu mimi kinabaki nini? Kinabaki kiwanja na vyote vilivyoizunguka nyumba. Naangalia ilivyokalishwa, bomba la gesi, waya, ngazi, kibanda cha gari, stoo, uvungu. Ndani siingii bila ruhusa yako, kwa hiyo msihangaike kukunja nguo siku ya ukaguzi. Mama mmoja aliwahi kunipikia pilau na kuosha nyumba nzima, mimi nikabaki nje nikimulika uvungu wake na tochi. Pilau niliikataa kwa sheria, na mpaka leo inaniuma.

Kodi ya kiwanja siigusi. Narudia kwa sababu hapa ndipo sauti zote za WhatsApp zinapogota: siigusi. Kodi, mkataba, meneja mwenye mdomo mchafu, kufukuzwa, haya yote yako kwenye sheria nyingine kabisa, ile ya ukaazi, kifungu cha 798 na kuendelea cha sheria ya madai. Hiyo ni ya mahakama. Kuna miji na kaunti zenye sheria zao za kudhibiti kodi, ukiwa na bahati uko kwenye mmojawapo, na dawati lao silo langu. Mwaka 2018 jimbo lilipitisha mpango wa kupokea malalamiko ya sheria hiyo ya ukaazi, unaolipiwa kwa dola 10 za kila kiwanja kwa mwaka, na tangu Julai 2020 unaweza kupeleka lalamiko lako huko. Lakini hata huko wanachagua yaliyo mazito na kuyapeleka kwa mawakili wa msaada wa kisheria. Hakuna gari litakalokuja kwa mwenye paki likiwaka taa.

Haya, tuseme umesikia, umeacha kodi, unalalamikia majitaka. Vizuri, hayo ni yangu. Ila sheria inanitaka nione nini nikishafika? Nione vyote, vya mwenye paki na vyako. Siwezi kupita mlangoni kwako nikageuza uso kwa sababu wewe ndiye uliyeniita na unatoka kwetu.

Kuna paki ndogo, ya watu wazima wengi, ilituita kwa sababu ya majitaka yaliyokuwa yakifurika barabarani. Walikuwa na haki kabisa. Sheria inatutaka kila mwaka tukague angalau asilimia 5 ya paki zilizo chini yetu, kwa kuanzia zenye malalamiko, basi yao ikaingia kwenye orodha. Barua ilitoka siku 30 kabla, kikao cha kuwaeleza wakazi kikafanyika, nikawaambia kwa mdomo wangu, "Tutaangalia paki nzima." Wakapiga makofi. Wote walielewa kwamba nzima maana yake ni ofisi ya meneja.

Siku ya siku, mwenye paki alipata makosa manne, mazito lakini manne. Wakazi, karatasi zao zilijaa begi. Ngazi haina mkono wa kushikilia. Kibaraza kimepita inchi 30 kutoka chini na hakina kizuizi. Waya wa ekstensheni umetoka nyumba hadi stoo ukapitishwa chini ya zulia, na stoo ina friji. Uvunguni magazeti ya miaka, rangi, mbao, kochi zima. Mzee mmoja aliyekuwa mbele kwenye makofi aliniangalia kama niliyemuuza.

Mnaona mambo ya ngazi ni upuuzi wa Wazungu. Mimi pia niliona hivyo mwaka wa kwanza. Mpaka uelewe nyumba hizi zimekaa juu ya nini: matofali ya zege yaliyopangwa tu, au vikalio vya chuma. Tetemeko la Northridge, hapahapa California, la 1994 liliangusha nyumba nyingi kutoka kwenye vikalio hivyo, mabomba ya gesi yakakatika, na moto ukazila nyumba kwa safu. Napa 2014, vilevile, nyumba za paki ziliungua baada ya tetemeko. Kwa hiyo nikiona bomba la gesi limebanwa na kochi, sioni kochi.

Moto ndio unaonileta kwenye futi. Na hapa nivumilieni, maana hili ndilo linalonikosesha usingizi na ndilo ambalo kila mtu ana uhakika nalo bila kulijua. "Jirani kajenga karibu mno." Karibu mno ni kiasi gani? Inategemea paki ilijengwa lini. Kabla ya tarehe 15 Septemba 1961, nyumba na nyumba ziachane futi 6. Baada ya hapo, ubavu kwa ubavu ni futi 10, ubavu kwa mbele au nyuma ni 8, mbele au nyuma zikitazamana ni 6. Hizo ni nyumba. Kibanda cha gari au stoo ni hesabu nyingine: kikiwa na chochote kinachoungua, kama mbao, kikae futi 3 kutoka mpaka wa kiwanja. Kikiwa chuma kitupu kinaweza kusogea mpaka mpakani, mradi kiachane na nyumba ya jirani futi 6. Nimewahi kukuta nguzo za mbao zimepakwa rangi ya fedha. Nilizigonga. Mwenyewe akacheka kabla yangu. Na vyote kwa pamoja, nyumba na vibanda vyake, visizidi asilimia 75 ya kiwanja.

Kiwanja kinaishia wapi? Hilo ndilo swali, na nusu ya siku zangu zimeishia hapo. Kona zinatakiwa ziwe na bikoni. Nenda kazitafute kwenye paki ya mwaka 1958. Zimezikwa na lami, zimeng'olewa na trekta, nyingine zimegeuzwa mguu wa meza. Ramani ya zamani inasema hivi, ua wa sasa unasema vile, na majirani wawili wameshika tepu mbili zisizokubaliana. Sheria inasema mpaka hausogezwi bila kibali na bila idhini ya maandishi ya wenye nyumba wanaoguswa. Lakini wenye paki wapo wanaosogeza, inchi kwa inchi, kila nyumba kongwe inapotolewa, ili walete mpya iliyo ndefu. Halafu stoo ya bibi, iliyokaa sawasawa miaka 30, inaamka asubuhi moja ikiwa na kosa. Hapo sasa niite. Hapo ndipo mahali pekee ninapokuja na hamu ya kumkomesha mtu, nikiwa na ramani mkononi. Na cha ajabu, hilo halijawahi kuja kwenye sauti ya WhatsApp hata moja.

Maji na gesi nitapita haraka. Gesi ikiingia paki kwa mita moja kubwa ya mwenye paki, usalama wa mfumo huo uko chini ya Tume ya Huduma za Umma ya jimbo. Maji ya kisima cha paki yana mamlaka yake ya maji ya kunywa. Na kuna ardhi ambazo jimbo halina mamlaka hayo: Oasis, paki iliyoko Thermal, bonde la Coachella, iko ndani ya ardhi ya Torres Martinez, kabila la wenyeji asilia wa Amerika. Wakazi wake, wengi wao vibarua wa mashamba, walikuwa wakitumia maji ya kisima yenye sumu ya aseniki karibu mara kumi ya kiwango cha mikrogramu 10 kwa lita. Aliyetoa amri mwaka 2019 alikuwa shirika la mazingira la serikali kuu. Mkaguzi kama mimi angesimama pale getini na kofia yake.

Sasa niseme lile ambalo kwenye semina hatulisemi.

Ukipata karatasi yangu una siku 60 za kurekebisha, isipokuwa kama jambo ni la hatari ya papo hapo. Usiporekebisha, inakuja notisi ya pili ya siku 30. Karatasi ni ya usalama wako. Lakini ile sheria ya ukaazi niliyosema siigusi, kifungu cha 798.56, inataja sababu ambazo mwenye paki anaweza kuvunjia mkataba wako, na mojawapo ni hii: umepewa notisi na mamlaka ya serikali, na hukurekebisha kwa muda unaofaa. Mamlaka hiyo ni mimi. Mimi siwezi kupunguza kodi yako hata dola moja, lakini saini yangu inaweza kuwa ukurasa wa kwanza wa faili la kukutoa.

Nimelifikiria hili sana na sina jawabu. Mkubwa wangu husema tusiandike kidogo wala kingi, tuandike kilichopo. Ni kweli. Ila kuandika kilichopo kwa mjane anayeishi kwa pensheni si sawa na kuandika kilichopo kwa kampuni yenye paki kadhaa na wakili wake. Na upande wa pili nao una makali: asilimia 5 kwa mwaka maana yake paki isiyolalamikiwa inaweza kungoja miaka 20. Mwaka 2020 Mkaguzi wa Hesabu wa jimbo alitoa ripoti nzima akisema idara ilipaswa kuboresha ukaguzi huu ili kuwalinda wakazi. Kwa hiyo tukija tunawaumiza, tusipokuja tunawatelekeza. Miaka yote hii bado sijui ni siku gani nilitenda mema zaidi.

Ninachofanya ni kidogo. Siku ya 40 hivi nikiwa karibu napita tena, bila karatasi, nauliza tumefika wapi. Yule mzee wa makofi nilimkuta hajagusa kitu. Nikamwambia ngazi ni mbao mbili na misumari, akasema mikono inatetemeka. Jumamosi iliyofuata vijana wa msikiti mmoja wa Wasomali walikwenda na msumeno. Nani aliwaambia, sijui, na mkubwa wangu akisoma hapa ajue sijui. Kochi la uvunguni lilitoka, na nyuma yake paka watano.

Kwa hiyo dada yangu, kuhusu kodi tafuta wakili wa msaada wa kisheria, na uulize kama mji wenu una sheria ya kodi. Kuhusu majitaka, niite, nitakuja. Lakini kwanza chukua tepu, zunguka nyumba yako, uiname uvunguni, halafu uniambie umeona nini. Tuma picha. Sauti za dakika nne sisikilizi tena.