Java 25 na kitambulisho cha bodaboda

Java 25, toleo la lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ilitoka Septemba 2025. Ni toleo linalopewa matunzo ya miaka mingi, kwa hiyo hata kampuni waoga hukubali kulihamia. Toleo la namna hiyo lililotangulia lilikuwa 21, la Septemba 2023. Nimesoma orodha ya mapya yake, lakini kilichonihamisha mimi hakimo humo. Kiliingia kwenye Java 24, na 25 imekirithi tu.

Java 21 ndiyo iliyotuletea nyuzi pepe. Uzi ni mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu, na programu moja huwa na nyuzi nyingi kwa pamoja. Uzi wa kawaida wa Java ni uzi wa mfumo wa uendeshaji wenyewe: mzito, na ukifungua maelfu seva inaanza kuhema. Uzi pepe unasimamiwa na Java, na unaweza kuwa nazo laki kadhaa. Chukua mfano wa bodaboda. Uzi wa kawaida ni dereva aliyempeleka abiria benki, akakaa getini kumsubiri hadi foleni iishe. Kwa nyuzi pepe, abiria ndiye uzi pepe, na dereva na pikipiki yake ni uzi mzito unaoubeba: dereva anamshusha abiria na kwenda kubeba wengine. Abiria akitoka anapanda pikipiki yoyote iliyo karibu. Pikipiki ni chache, kwa kawaida moja kwa kila kiini cha prosesa, ila hazikai bure.

Kasoro ilikuwa kwenye `synchronized`, kufuli kongwe ya Java inayoruhusu uzi mmoja tu kupita kwa wakati. Ilipofungwa, Java 21 iliandika jina la dereva, si la abiria. Ni kama abiria ameingia benki kwa kuacha getini kitambulisho cha dereva. Sasa dereva ataondokaje?

Nikiwa kwenye 21 nilihamishia huduma moja ya malipo kwenye nyuzi pepe. Majaribio yalikwenda vizuri mno. Siku ya mshahara huduma ikanyamaza kimya. Prosesa imelala, memori ipo tele, logi hazisemi kitu, maombi yanarundikana. Seva ilikuwa na viini vinne, na pikipiki zote nne zilikuwa zimekwama getini zikisubiri muunganisho wa databesi, ndani ya `synchronized` ya maktaba ambayo wala sikuiandika mimi. Na miunganisho yenyewe ilishikwa na nani? Na abiria waliomaliza shughuli zao wakakosa pikipiki ya kuwarudisha. Msimbo wangu ningeweza kuubadilisha utumie `ReentrantLock`, kufuli nyingine ya Java isiyo na kasoro hiyo, kama tulivyoshauriwa wakati ule. Msimbo wa watu, utafanyaje? Nilirudi kwenye nyuzi za kawaida usiku huohuo.

Tangu Java 24, kufuli inaandikwa kwa jina la uzi pepe wenyewe, yaani la abiria. Dereva bado anaweza kukwama pale Java inapoita msimbo wa lugha ya C, lakini hilo si la kila siku.

Tahadhari moja: databesi yako haijaongezeka. Ukiachia nyuzi laki moja zigombanie miunganisho 20, umehamisha foleni tu, hivyo weka `Semaphore` ya kuwahesabu wanaoingia. Na usizitunze nyuzi pepe ili uzitumie tena, kama tulivyozoea kwa zile nzito. Kila kazi ipewe uzi wake, ukiisha umeisha.

Mengine nayapitia haraka. Kichwa cha kila objekti (kifurushi cha data ndani ya programu), ambacho kwa kawaida kilikula baiti 12, sasa kinaweza kubanwa kuwa 8. Programu yenye mamilioni ya objekti ndogondogo itaona nafuu, lakini lazima uwashe mwenyewe kwa `-XX:+UseCompactObjectHeaders`.

Halafu kuna zawadi kwa wanaoanza. Mdogo wangu aliniuliza siku yake ya kwanza ya kujifunza Java `public static void main`, maneno ambayo kila programu ililazimika kuwa nayo, maana yake nini, nami nikamjibu aandike tu, ataelewa mbele ya safari. Jibu la aibu kwa mtu anayejiita mtaalamu. Kwenye 25, faili zima ni hili:

```
void main() {
    IO.println("Mambo!");
}
```

Ameniuliza hizo `{}` ni za nini. Hilo nililijibu.